Samli Kwenye Waya wa Bwana Nailoni

Juma lililopita niliwaacha nikiwa juu ya mlingoti, nimeukumbatia kwa mikono miwili, nalia. Nimeshashuka. Asanteni mlioniulizia.

Na wewe ambaye gazeti lile lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, sikia kwa ufupi. Mimi ni Komora, Mpokomo wa Ndera, mtumishi wa simu ya upepo hapa Garsen. Kila siku, saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri, nazungumza na Charo aliye Hola, anieleze mto unafanya nini huko juu. Mwaka ule wa hamsini na saba tukaletewa Mzungu mmoja mwekundu, mwenye haraka, ambaye kampuni yake ilimtuma kujaribu waya mpya, ule unaotoka kwenye mashine na kupanda hadi ncha ya mlingoti. Jina lake halikukaa mdomoni mwa mtu. Tukamwita Bwana Nailoni.

Waya wa zamani ulikuwa wa mpira. Kuupandisha kulitaka wanaume wanne na matusi mengi. Jua likaupasua, mvua ikaingia, na Charo akawa anasikika kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Bwana Nailoni alileta wa plastiki. Katikati uzi wa shaba. Kuuzunguka, plastiki nyeupe. Juu ya plastiki, shaba nyingine iliyosukwa kama mkeka. Juu ya yote, ngozi nyeusi.

"Waya ya katikati lazima nakaa katikati," aliniambia siku ya kwanza. "Yeye nagusa ile ya kusukwa, sauti nakufa."

Alikuja na aina tatu. Ya kwanza niliifunga kwenye chuma cha mlingoti kama tunavyofunga mtumbwi, nikaikaza kweli kweli. Jua likailainisha plastiki pale kwenye kona, na ile shaba ya katikati ikazama polepole kama kijiko kwenye uji, hata ikaigusa ile ya kusukwa. Sauti ikafa.

Ya pili plastiki yake ilitiwa hewa, imejaa matundu kama mkate wa kumimina. Nyepesi, nikaiweka begani kama leso. Lakini matundu yalikuwa yamefunguana, na mvua moja tu ikatosha kuinywesha maji. Hiyo ndiyo iliyonipandisha mlingotini kulia.

Ikabaki ya tatu. Hii kila tundu limejifunga peke yake, na ngozi yake imechanganywa masizi ili jua lisiipasue.

"Hii ya mwisho," alisema Bwana Nailoni. "Hii nakufa, mimi narudi Ulaya, na simu narudi Mombasa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimkosesha usingizi Bwana Nailoni. Langu mimi lilikuwa moja, na jina lake Qabale.

Nilimpenda. Sina maneno ya kupamba hapo. Nilimpenda hata nikawa naoga mara mbili kwa siku, na askari wetu Baya akaniuliza kama nina upele.

Baba yake, mzee Kuno, ni mfugaji wa Kiorma. Ng'ombe wake hula bondeni Minjila, ambako majani ni mazuri kwa sababu maji hufika. Na mto wetu hauji kwa mlango wa mbele. Hupasua kingo huko juu, ukapita nyuma ya watu, ukajaa bondeni, na huku Garsen ukingo bado mkavu na mtu amekaa anapiga mswaki. Mwaka uliotangulia ulimchukulia mzee Kuno nusu ya zizi.

Nilipokwenda kuposa, alinitazama kama ng'ombe anayeuzwa na mtu asiyemwamini.

"Wewe Pokomo. Iko ng'ombe?"

"Sina, mzee."

"Iko mbuzi?"

"Sina."

"Sasa iko nini?"

"Nina waya, mzee. Waya unaosema mto umefika wapi."

Akafikiri. "Basi. Waya yako iniambie maji kabla ng'ombe yangu haijalowa mguu. Ikiniambia, Qabale bibi yako. Ikinyamaza, Diba anangoja."

Diba ni mtoto wa ndugu yake. Ana ng'ombe wengi, hana haja ya waya.

Sasa twende na ya juma hili.

Alhamisi asubuhi Bwana Nailoni alipakia Landirova kwenda Kipini. Kabla ya kuondoka alinishika bega.

"Komora, wewe nasikia? Hapana kunja waya kama shingo ya kuku."

"Sikunji, Bwana."

"Na hapa chini, mdomo yake lazima naziba na lami. Maji hapana ingia."

"Haitaingia, Bwana."

"Mimi narudi Jumamosi. Hii naishi, dunia yote natumia waya ya Garsen."

Akaupigapiga ule waya kwa mapenzi, akaondoka.

Nilifanya kazi nzuri. Niseme ukweli, nani mwingine atanisifu? Nilipanda na waya peke yangu, nikauachia mzingo mpana kila palipokuwa na kona, nikaufunga kwa kamba laini, bila kuukaza. Ukabaki ule mdomo wa chini, pale ukutani kwenye usawa wa kifua, ambapo waya unaungana na ule unaoingia ndani kwenye mashine. Lami ilikuwa imekauka ndani ya kopo. Nikaenda jikoni kwa Baya kuipasha moto. Kuni mbichi, moto unalia, lami imegoma. Nikachelewa.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe wangu mtarajiwa, mama Sabdio, amesimama mbele ya waya wangu na chombo cha samli mkononi. Anaupaka.

Alikuja na Qabale kuniletea maziwa. Akauona mdomo wa waya uko wazi. Mama Sabdio ni mwanamke ambaye maisha yake yote amesuka vyombo vya maziwa na kuviziba kwa mkono wake. Hawezi kupita mbele ya mdomo mkavu wa chombo akaenda zake. Alikuwa ameshaziba mdomo, sasa anapanda juu, taratibu, hadi mkono wake ulipofikia. Mama yule ni mrefu.

Hapa msomaji utaniuliza: kwa nini hukumwambia aache? Ndugu yangu, kwao, na kwetu pia hatuko mbali, mama mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi moja kwa moja. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu wa tatu. Nilimtafuta Qabale, alikuwa ameshakwenda kisimani. Baya yuko jikoni anapuliza moto. Aliyekuwepo ni mbuzi wa Baya.

Nikageuza uso ukutani.

"Ewe mbuzi," nikasema, "waya huo haupakwi samli."

Mama Sabdio hakusita hata kidogo. Kiswahili hana, lakini Kiorma chake nakielewa vizuri.

"Mbuzi," alisema, "mwambie kijana huyo kwamba chombo hakiachwi mdomo wazi. Vumbi litaingia."

"Mbuzi, mwambie mama hicho si chombo cha maziwa. Kinabeba sauti."

"Mbuzi, muulize, hiyo sauti haiharibiki?"

"Mbuzi, sauti huharibika, ndiyo. Lakini Mzungu amesema lami."

"Mbuzi, muulize huyo Mzungu ndiye mkwe wake?"

Mbuzi aliendelea kutafuna gunia.

Qabale akarudi na maji. Aliona mkono wa mama yake unang'aa, akaona waya unang'aa, akatua mtungi polepole. Mama yake alipokwenda kukaa kivulini, alinisogelea.

"Komora, unajua amefanya nini?"

"Ameniharibia kazi."

"Mjinga wewe. Kwetu mama hupaka samli kitu cha mtu aliyemkubali. Diba ameileta fimbo yake ipakwe mpaka amechoka, mama anasema mikono inamuuma."

"Amenikubali?"

"Amekukubali mbele ya mbuzi."

"Na nikiifuta hiyo samli?"

Akaacha kucheka. "Ukiifuta umemkataa mama. Na mimi umenikataa."

Basi nikasimama pale na kopo la lami mkononi. Nikifuta, nimekosa mke. Nisipofuta na waya ukafa, nimekosa mke. Mtu mwingine angeomba ushauri. Mimi nilijaribu kupaka lami juu ya samli. Haishiki. Iliteleza ikaniangukia mguuni, na ilikuwa ya moto.

Saa kumi ilipofika mzee Kuno alikuwa ameshawasili kutoka Minjila na fimbo yake. Akachuchumaa mlangoni. Nikaiwasha mashine nikiwa nasoma kila dua niijuayo.

"Garsen, Garsen, hapa Hola."

Wallahi, kama Charo amekaa mapajani mwangu.

"Hola, nakusikia."

"Mimi nakusikia mpaka unavyomeza mate! Umefanya nini leo?"

"Waya mpya," nikasema. Mengine nikayameza.

"Haya. Maji yamepanda hapa kwetu. Huko chini sijui yamefika wapi. Askari wetu amekwenda Wenje, njiani kati yangu na wewe, kutazama. Kesho saa mbili nitakupa habari kamili."

Mzee Kuno alikuwa ameinuka. "Huyo mtu iko Hola kweli?"

"Yuko Hola, mzee."

"Na mimi iko Garsen, na nasikia yeye." Akatikisa kichwa. Kisha akaikamata fimbo. "Mimi naondoa ng'ombe sasa hivi."

Sasa hapa, msomaji, nilikuwa na furaha. Mtu mwenye furaha asiruhusiwe kutoa shauri.

"Mzee, ya nini haraka?" nikasema. "Huko mwinukoni majani yamekwisha, ng'ombe watakula mchanga? Ngoja saa mbili ya kesho. Waya utakwambia wazi, maji yako wapi na yanafika lini."

Alinitazama, akautazama waya, unavyong'aa kwa samli ya mkewe.

"Ng'ombe yangu mimi nahamisha na macho yangu, tangu zamani," alisema. "Lakini waya imesema. Haya. Mimi nangoja waya."

Akarudi Minjila kulala na ng'ombe wake. Mama Sabdio na Qabale wakaenda bomani kwao, huku mwinukoni karibu na Garsen. Mimi nikala maziwa na wali, nikalala kama mtu aliyeoa.

Ijumaa asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni. Nikaangalia ukutani. Nikaingia ndani, nikatoka tena, nikaangalia mara ya pili, labda macho yalikuwa na tongotongo.

Waya haupo.

Yaani juu upo. Unaning'inia kutoka mlingotini, unacheza na upepo. Chini hakuna kitu. Mdomo umekwenda, plastiki imekwenda, shaba ya kusukwa imekwenda, ngozi na masizi yake vimekwenda. Umeliwa kuanzia ukutani hadi pale fisi anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma, ambapo ndipo hasa ulipofika mkono wa mama mkwe wangu. Nyayo ziko wazi mchangani, za fisi na wenzake. Ile waya ya kwanza na ya pili ilikuwa imetupwa nyuma ya stoo majuma mengi, hakuna fisi aliyewahi hata kuisalimu.

Fisi hana habari za plastiki. Ana habari za samli.

Nilikaa chini.

Saa mbili kasoro Qabale akaja kuchukua habari ampelekee baba yake. Alisimama mbele ya ukuta, akafuata nyayo kwa macho mpaka vichakani.

"Samli?" akauliza.

"Samli."

"Mama asijue."

"Sasa kweli hilo ndilo unaloliwaza?"

"Nawaza yote pamoja, Komora. Baba anangoja waya. Asipousikia hatahama, amekuahidi wewe. Unamjua baba akiahidi."

"Nitauunga. Nipe muda kidogo."

"Huo muda unao?"

Qabale akaweka maziwa chini, akavua viatu vyake vya ngozi akavishika mkononi.

"Basi leo mimi ndio waya," alisema. "Naenda kumwambia ahame, maji yaje yasije."

Moyo wangu ulitaka kusema usiende. Lakini nilikuwa mtaalamu, nimesikia sauti ya Hola jana kama imekaa mapajani, na mtaalamu hawezi kuonekana hajui.

"Nenda," nikasema. "Maji hayawezi kufika kabla ya kesho."

Alinitazama kidogo, kama anaupima uzito wa neno lile. Kisha akakimbia. Anakimbia vizuri, Qabale. Nilimwangalia mpaka akamezwa na vichaka vya njia ya Minjila.

Nikamwita Baya. Waya uliobaki ulikuwa haufiki mlangoni, kwa hiyo ikabidi mashine ipande kwenda kuufuata. Tulitegemeza ngazi, tukapandisha mashine juu ya mabati ya paa, kisha betri. Betri ile ina uzito wa maiti. Baya aliniuliza mara mbili kama serikali inajua tunachofanya.

"Haijui, Baya. Sukuma."

Nilikaa juu ya mabati, kisu mkononi, nikaukata waya pale palipokuwa na alama za meno. Na hapa nimpe Bwana Nailoni haki yake. Waya ulikuwa umelala nje na umande, umetafunwa, umetiwa mate ya fisi. Nilipofika ndani, plastiki ilikuwa nyeupe, kavu, kila tundu limejifunga na hewa yake. Tone la maji halikupita. Uzi wa shaba ulikuwa katikati, katikati kabisa, kama alivyotaka. Yule Mzungu alikuwa ameshinda jua, ameshinda mvua, ameshinda mto Tana. Ambaye hakumtia hesabuni ni mama Sabdio.

Kazi ya kuunga si kazi ya mtu anayetetemeka. Ile shaba ya kusukwa ina nyuzi nyembamba kama nywele. Moja tu ikiangukia katikati, sauti inakufa. Nikazikunja nyuma, moja moja, kwa kucha. Bati limeanza kuchoma. Jasho linaniingia machoni. Nikaunga, nikawasha.

Kimya.

Nikafungua tena. Unywele mmoja ulikuwa umelala upande. Nikautoa kwa meno, nikaunga upya.

"...Garsen, Garsen, Garsen, we Komora mwana wa nani sijui, uko wapi?"

"Hola! Nipo! Sema!"

"Nakuita tangu alfajiri! Ulikuwa wapi?"

"Fisi..."

"Nini?"

"Acha. Nipe habari."

"Askari hakufika Wenje. Njia imekatika, amerudi na baiskeli kichwani. Watu waliokimbia huko wanasema maji yalipita jana mchana. Umesikia? Jana, kabla hata hatujazungumza mimi na wewe. Yamepasua ukingo wa magharibi, yanashuka kwa nyuma. Toa watu Minjila. Nakwambia, toa watu Minjila!"

"Rudia," nikasema.

Nilikuwa nimemsikia vizuri sana. Waya ule hauna kosa. Nilitaka tu aseme kitu kingine.

Akarudia vilevile.

Nikageuka kutazama upande wa Minjila. Kutoka juu ya mabati unaona mbali. Wale ndege weupe wanaotembea na ng'ombe, yangeyange, kwa kawaida asubuhi kama ile wako chini miguuni mwa ng'ombe wanaokota wadudu. Wote walikuwa angani. Wanazunguka, wanazunguka, hakuna anayetua. Na chini yao, pale penye majani, palikuwa panametameta.

Nikaita, "Qabale!" kwa sauti ambayo hata Charo aliisikia.

"Qabale ndiye nani?" Charo akauliza kwenye mashine. "Garsen? Komora, Qabale ndiye nani?"

Chini ya ngazi kukawa na kishindo cha mtu anayekuja mbio. Nilidhani ni Baya. Alikuwa mama Sabdio, ushungi umemwanguka mabegani, mkononi ana chombo kingine cha samli. Alikuwa njiani kuja kuupaka waya wa mkwe wake kwa mara ya pili, na ukelele wangu ndio uliomkimbiza.

Aliuona ukuta, akaziona nyayo. Aliniona mimi juu ya mabati na mashine inayoropoka. Akageuka akatazama kule nilikokuwa natazama, akawaona yangeyange. Watu wa ng'ombe hawana haja ya kuelezwa maana ya yangeyange asiyetua.

Chombo kikamponyoka, samli ikamwagika mchangani.

Nikageuza uso haraka, kama inavyopasa. Nikamtafuta mbuzi wa Baya kwa macho, nimwambie yeye, nimtume yeye. Alikuwepo, amesimama palepale chini ya ngazi, karibu kabisa na mama. Lakini mama Sabdio hakumtazama mbuzi.

Alishika ngazi kwa mikono miwili, akainua uso wake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Komora," alisema. "Mtoto wangu umemtuma wapi?"